Chupa ya Saba Haikupungua

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vipima maji, mimi nilifika Newala kwa treni, kwa basi na kwa pikipiki, nikiwa nimepakata kihisi mapajani kama mtu aliyetoka kliniki na mtoto mchanga.

Kwetu ni Ujiji, kando ya ziwa. Nilikuwa nimerudi kumsalimia mama, hata nguo zangu hazijakauka kambani, simu ikaingia kutoka Dar es Salaam. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imepata kazi ya kufunga kituo cha kupima majitaka kwenye kiwanda cha korosho, huko juu kwa Wamakonde, nje kidogo ya mji wa Newala. Nikauliza kwa nini wamenichagua mimi. Bosi wangu alikuwa mtu mkweli. "Wenzako wote wamekataa," akasema.

Mimi sijawahi kukataa safari. Nimemaliza kidato cha nne, na tangu siku ile sijakaa mahali mpaka kuta zikanizoea. Nimepima maji ya viwanda vya samaki Mwanza, ya sukari Kilombero, ya ngozi Morogoro. Kila nilipoondoka nilisema hapa sitapakumbuka, na kila mahali nimepakumbuka. Mama alinikunjia samaki wakavu kwenye gazeti, nikapanda treni.

Safari ya reli siwezi kuwasimulia yote. Mtu anayetoka Kigoma anavuka Malagarasi, anafika Tabora amechoka, anafika Dodoma amenuna, na akifika Dar anamsalimia kila mtu kwa furaha kwa sababu tu amesimama kwa miguu yake. Dar nikakabidhiwa kihisi chenyewe. Kwa msiokijua: ni kijiti kirefu kama kalamu nene, na ncha yake ni kitufe cha kioo chembamba kuliko ganda la yai. Kitufe hicho ndicho kinachoonja uchachu wa maji. Hakitakiwi kukauka hata mara moja, ndiyo maana husafirishwa kikiwa kimevalishwa kofia yenye maji yake maalumu. Kikikauka kimekufa, na kukifufua ni bahati.

Kwa hiyo kwenye basi la kusini sikukubali kukiweka juu kwenye mizigo. Nilikifunika na koti. Bibi mmoja aliyekuwa akienda Ndanda alinitazama tangu Kibiti, tulipovuka Rufiji akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, umempakata nani huyo?"

"Ni mashine, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mashine gani inafunikwa jua?"

"Hii haipendi joto. Na haitakiwi kupata kiu."

Akatikisa kichwa. "Na mama yake yuko wapi?"

Basi zima likacheka mpaka Nangurukuru.

Masasi nililala kwenye nyumba ya wageni chini ya ile milima ya mawe. Asubuhi nikachukua bodaboda, tukakata upande wa Lulindi, halafu barabara ikaanza kupanda. Vumbi jekundu, hewa inapoa kidogo kidogo, mikorosho pande zote. Nilipofika kiwandani nilikuwa rangi moja na barabara.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Newala walinicheka nalo miaka yote. Mama mmoja alinipokea kwenye banda la wabanguaji. Alinipa kopo la maji ninawe uso. Nikanawa, nikafuta macho, na maji yaliyobaki nikayatupa chini, kama tunavyofanya sisi watu wa ziwani bila hata kufikiri. Wanawake waliokuwa wakibangua walisimamisha mikono yao.

"Baba," yule mama akasema kwa upole, "hayo ulikuwa umeyamalizia nini?"

Sikumwelewa. Akanieleza jioni. Kule juu hakuna mto, hakuna chemchemi. Bibi zao walikuwa wakishuka bondeni na mitungi, kule ardhi inapokatika, wakipanda na maji kichwani njia ambayo mtu mwepesi anaipanda kwa mikono na miguu. Siku hizi kuna bomba linalosukuma maji kutoka bondeni, lakini pampu ikigoma, wamegoma wote. Kila nyumba inayojiweza imechimba kisima cha saruji cha kuvuna mvua inayoshuka kwenye bati la paa. Maji ya kunawa mikono yanaoshea vyombo, yaliyooshea vyombo yanakandia udongo, yaliyobaki hapo anapewa mpapai. Sasa mgeni amekuja kupima maji, na jambo lake la kwanza ni kumwaga.

Mama huyo ndiye Mama Somoe, na yeye ndiye aliyenipa jina. Aliniuliza mwanangu anaitwa nani ili ajue aniite Baba nani. Nikamwambia sina mtoto. Alisikitika kweli. Halafu akalitazama lile koti nililokuwa bado nimelikumbatia, akauliza humo mna nini, nikamfunulia. "Basi unaye," akasema. "Wewe ni Baba Kipimo." Tangu siku hiyo hata meneja hakuniita vingine.

Sasa niwaambie kituo chenyewe kilifanyaje kazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichokuja kutokea.

Korosho hupikwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa. Maji yanayotoka hapo ni machachu, na yamebeba mafuta ya ganda, yale yanayobabua vidole vya wabanguaji wasipojipaka mafuta ya nyonyo. Maji hayo yalipita kwenye mabwawa yaliyopangana kama ngazi. Kati ya bwawa la kwanza na la pili kulikuwa na pampu ya chokaa. Chokaa ndiyo inayopunguza uchachu na kuyashusha mafuta yakalale chini. Kihisi chetu kilikaa kwenye mfereji, kila baada ya muda mfupi kinapima na kutuma namba kwa laini ya simu mpaka ofisi ya mazingira. Na hapa mnisikilize: kilikuwa pia kinaiambia pampu ya chokaa. Kikisema maji ni machachu, pampu inamimina. Kikisema maji ni mazuri, pampu inapumzika. Saba ndiyo katikati; chini ya hapo ni uchachu.

Juu ya kibanda cha kituo tuliweka taa. Kijani, maji ya bwawa la mwisho yako sawa. Nyekundu, msiguse. Maana wanakijiji walikuwa wamekubaliana na kiwanda kwamba maji hayo yasiachwe yaende korongoni bure. Wayachote wamwagilie miche ya mikorosho na kukandia matofali. Ofisi ya mazingira ikaridhia, mradi kuwe na kibao. Kibao kikaandikwa kwa herufi kubwa: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Nilikiandika mimi, kwa mkono wangu, na nilijivunia mwandiko.

Zamani haikuwa hivi. Nilipoanza kazi Mwanza tulichota maji kwenye chupa, tukayapanga kwenye deli la barafu, tukayapeleka maabara kwa basi. Majibu yakirudi, maji yenyewe yalishafika Misri. Aliyenifundisha ni fundi mmoja Msukuma, fundi Shija, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Vipima vya kujiendesha vilipoanza kuja, sisi vijana tulikaa kwenye kiti tukitazama namba. Yeye alikuwa akifika kituoni anazunguka kwanza nje. Anatazama nyasi, anatazama vyura, anainama ananusa. Tukimcheka alikuwa anasema, "Namba nitaikuta tu, haina miguu. Chura ana miguu." Nilimcheka sana fundi Shija. Hayupo tena, na kila nilipofika kwenye kituo nilizunguka kwanza nje.

Kuhusu matatizo ya kituo ningeweza kuwapigia soga mpaka kesho. Mbuzi alikula waya, Dar wakapiga simu: "Kituo chenu kimekufa." Mjusi alitaga ndani ya sanduku la umeme. Kuna siku namba hazikwenda kabisa, nikapanda pikipiki kutoka Masasi nilikokuwa nimepanga chumba, nikakuta kanga mbili zimeanikwa kwenye antena. Nikauliza za nani. Zilikuwa za Mama Somoe. "Nilidhani ni kamba ya chuma," akasema, "mbona umeifunga juu palipo na upepo mzuri?"

Kampuni iliniambia nitafute mtu wa pale pale wa kukitunza kituo siku nisizokuwepo. Nikamchagua yeye. Alikuwa amebangua korosho tangu usichana, na mikono yake ilikuwa imeliwa na mafuta ya ganda mpaka alama za vidole zimefutika. Simu ya kufungua kwa kidole ilikuwa haimtambui. Nilitaka mtu wa kuangalia kile kitufe cha kioo kwa huruma, na niliona jinsi alivyokishika siku ya kwanza.

Nikamfundisha kazi ya Jumatatu. Unakitoa kihisi mferejini, unakisuuza. Unamimina kwenye kikombe kidogo maji ya kusahihishia, sisi tunayaita bafa. Kuna chupa ya saba na chupa ya nne. Unakitumbukiza kwenye saba, unasubiri, unabonyeza kitufe cha mashine yenyewe ili ijue kwamba hii ndiyo saba. Halafu unakitumbukiza kwenye nne, unabonyeza tena, ijue kwamba hii ndiyo nne. Unakirudisha mferejini. Alishika kwa siku moja. Maji safi ya kusuuzia yalikuwa yanachelewa kutoka Dar, akaanza kuleta ya kwake, maji ya mvua kutoka kisimani kwake, kwenye kichupa kilichochemshwa. Maji yale ndiyo aliyokuwa akiwapa wageni wa heshima.

"Mwanao anakunywa vizuri kuliko mimi," akaniambia.

Nami niliona sifa nzuri ndani yake: hapotezi. Nikija kila mwezi na chupa mpya ya nne, nakuta ile ya zamani imepungua. Chupa ya saba nakuta imejaa. Nikifika vituo vingine nilikuwa nikipigana na vijana wanaomaliza bafa kama soda. Mama Somoe hamalizi. Nilimsifu mbele ya meneja.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuja kikali. Pampu ya bondeni ikaharibika, mafundi wakawa wanaahidi. Visima vya nyumba vikabaki na maji ya chini kabisa, yale unayoyachota kwa kamba ndefu na kusikiliza kopo likigonga saruji. Na ndio ulikuwa wakati wa unyago. Wali wa kijiji, wasichana waliowekwa ndani majuma mengi bila kupigwa na jua, walikuwa karibu kutoka. Mjukuu wa Mama Somoe, Zuhura, mtoto wa Somoe mwenyewe, alikuwa miongoni mwao. Siku ya kutoka lazima waogeshwe, tena waogeshwe vya kutosha, kichwa mpaka vidole. Mwali hatoki na ndoo nusu.

Nilifika kituoni asubuhi ya siku hiyo bila kujua lolote. Nikazunguka nje kama fundi Shija. Nikafika kwenye kitalu cha miche ya mikorosho.

Majani yalikuwa yameungua kingo. Miche michanga, mstari mzima, kingo za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikatazama taa: kijani. Nikasogea mferejini nikainama. Pua ikanichoma kwa mbali, ile harufu kali ya ganda.

Mfukoni huwa natembea na karatasi za kupimia uchachu, zile za bei ndogo zinazobadilika rangi. Nikachovya. Ikatoka rangi ya chungwa lililoiva. Mashine yangu ghali ikasema saba kasoro kidogo. Karatasi ikasema huo ni uongo mtupu.

Mama Somoe alikuwa ndani ya kibanda, amevaa kitenge kipya cha sherehe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Kipimo. Umekuja siku nzuri. Leo tunakula wali na kuku, huondoki."

"Mama, nionyeshe unavyofanya Jumatatu."

Akanionyesha kwa furaha. Akasuuza kihisi kwa maji yake ya mvua. Akamimina kikombe cha saba, akatumbukiza, akabonyeza. Akamimina kikombe cha nne, akatumbukiza, akabonyeza. Kila kitu sahihi. Halafu akachukua kikombe cha saba na kukirudisha kwenye chupa ya saba, taratibu, bila kudondosha tone. Akachukua kikombe cha nne, akaitazama chupa ya nne, akaona shingo yake ni nyembamba na maji yatadondoka, akayamimina nayo kwenye chupa ya saba, ambayo mdomo wake ulikuwa mpana.

Nikashika meza.

Wadogo zangu, hakuna mtu mwingine katika nchi hii ambaye angefanya hivyo. Mimi wa Ujiji ningekuwa nimeshayatupa nje kabla sijaweka kikombe chini. Wala karatasi ya maelekezo iliyotoka kiwandani ilikotengenezwa mashine haikuandika popote kwamba bafa ikishatumika imwagwe. Aliyeiandika alikuwa na bomba jikoni kwake. Miezi yote ile chupa ya saba ilikuwa inapokea uchachu kidogo kidogo, na kila Jumatatu mashine ilikuwa inaambiwa, hii ndiyo saba. Mashine ikatii. Ikaona maji machachu ikayaita mazuri, ikaiambia pampu ya chokaa ipumzike. Chokaa haikumwagika, mafuta ya ganda hayakushuka. Na taa ikawaka kijani, ikawaita watu.

Nikamweleza. Sikutafuta maneno ya kumkinga, muda haukuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Maji ya bwawa la mwisho ndiyo yameharibika?"

"Ndiyo. Wamechota?"

"Toka jana. Wamejaza mapipa." Akaanza kuvua viatu vya sherehe ili akimbie. "Ni ya wali."

"Mama, kibao kimesema si ya kunywa!"

"Kwani wanakunywa? Wanaogeshwa."

Nikamwambia apande pikipiki. Alikuwa hajawahi kupanda, akapanda, akanishika kiunoni akaniachia alama za kucha. Njiani alisema jambo moja: "Ngozi ya mwali ni kama ya mtoto aliyezaliwa jana." Nilikuwa nalijua hilo tayari, na ndilo lililokuwa likinisukuma.

Ngoma tulizisikia kabla ya kuona uzio wa makuti. Mama mmoja mwenye fimbo akatoka mbele ya njia.

"Wewe mwanamume! Simama hapo hapo! Huoni?"

Nikasimama, nikageuza uso. Mahali pale hapaingii mwanamume, awe fundi au mwenye mashine. Nilichokuwa nakijua kuhusu maji yale sikuweza kukipeleka hatua moja mbele. Ilibidi akipeleke yeye. Mama Somoe akashuka, miguu peku, akaingia.

Yaliyofuata niliyasikia tu, nikiwa nimetazama mkorosho.

Ngoma zilikatika moja baada ya nyingine. Sauti nzito, ya kungwi mkubwa, ikauliza, "Nani kanyamazisha ngoma?"

"Mimi. Bado hamjawamwagia?"

"Ndiyo tunawatoa. Kuna nini?"

"Maji haya hayafai. Yana mafuta ya ganda. Yatawababua."

"Mama Somoe, usituletee balaa siku ya leo. Taa ilikuwa kijani, watoto wameiona kwa macho yao. Si wewe unayeiwasha?"

"Ndiyo mimi. Taa imedanganywa, na niliyeidanganya ni mimi. Nilikuwa narudisha chupani maji yaliyotumika. Sikutaka kumwaga."

Mtu akacheka, cheko fupi la hasira. "Kwa hiyo wali wetu waogee mate?"

"Kisimani kwangu yapo."

"Kisimani kwako yapo ya kukufikisha mvua. Mvua iko wapi?"

"Chukueni yote."

Halafu sauti ya msichana mdogo, naamini ni mmoja wa waliotumwa kuchota, ikasema pole pole, "Bibi, mimi mikono inaniwasha toka jana." Na mwingine: "Na mimi." Inaonekana walikuwa wamenyamaza wote wasiharibu sherehe.

"Yamwageni," kungwi akasema.

Hakuna aliyesogea. Nilijua hakuna aliyesogea kwa sababu hakukuwa na sauti yoyote, hata ya mguu. Wanawake wa uwanda ule, waliozaliwa na mama waliopanda bonde na mitungi, wameambiwa wamwage mapipa. Ningeambiwa mimi ningeshayapindua.

Ndipo nikasikia bati likikwaruza chini, pipa linainamishwa, na maji yakaanza kwenda mchangani. Yalikwenda muda mrefu. Sauti ya Mama Somoe ikamwita Mungu kwa Kimakonde, "Nnungu anisamehe." Akasogea kwenye lingine. Baadaye nilisikia watu zaidi wanamsaidia, bati baada ya bati, na mtu mmoja akilia kwa sauti ya chini, kama anayeumwa jino. Maji mengine yalipenya chini ya uzio yakaja mpaka kwenye buti zangu. Sikusogeza mguu.

Tukayabeba maji ya kisima chake kwa pikipiki, madumu mbele na nyuma, safari baada ya safari, mimi nikiyaacha njiani na wanawake wakiyapokea. Jua lilikuwa limeshapanda sana wali walipotoka. Walitoka wakiwa wamepakwa mafuta, wamevaa kanga mpya, macho chini kama inavyotakiwa. Wanang'aa. Zuhura alipita karibu yangu. Ngozi yake ilikuwa laini, haina hata doa. Vigelegele vilipasua anga, wali wakatunzwa pesa.

Wali na kuku nilikula. Mama Somoe hakula. Alikaa akiwapaka mafuta ya nyonyo mikononi wale wasichana waliochota, wamebabuka mpaka viwikoni.

Meneja alitaka kumrudisha kwenye banda la kubangua. Nikamwambia, na ofisi ya mazingira nikawaambia hivyo hivyo kwa simu, kwamba kosa lilianzia kwenye mafunzo, na mtu ambaye sasa anajua kwa nini bafa humwagwa hapatikani mwingine Newala nzima. Akabaki. Nilifungua chupa mpya, mashine ikaona ukweli, taa ikawa nyekundu na pampu ya chokaa ikafanya kazi kama mwendawazimu kwa siku kadhaa. Ukutani nikaandika maneno matatu: BAFA ILIYOTUMIKA IMWAGWE. Mwandiko haukuwa mzuri kama wa kile kibao.

Lakini watu hawakuiamini taa tena. Ilipogeuka kijani walikuja na ndoo wakasimama mbali wakiitazama. Basi Mama Somoe akaanza desturi yake. Kila asubuhi, mbele ya watu wote, alikunja mikono ya gauni na kuingiza mikono yake kwenye bwawa la mwisho mpaka viwiko, akaiacha humo huku akiwasimulia habari, nani kaolewa Tandahimba, nani kauza mbaazi kwa bei gani. Akiitoa anawaonyesha, mbele na nyuma. Ndipo wanachota. Sikumzuia. Kwenye mwongozo wa kampuni hakuna kifungu cha mikono. Ila jioni za siku nilizokuwepo, wakishaondoka, nilikuwa nikimpimia maji yale kwa karatasi kabla hajarudia kesho yake.

Na kumwaga kulitaka kumshinda. Kila Jumatatu alitoka na kikombe nje ya mlango, akageuza uso pembeni na kufumba macho, akainamisha. Kijiko kimoja tu cha maji. Aliwahi kuniuliza, "Hata kidogo tusibakize?" "Hata kidogo, mama." Akasonya, akafumba macho, akamwaga.

Mvua zilipokuja zilikuja vizuri. Kisima chake kilijaa mpaka kikatapika, na siku hiyo aliniita nikaangalie tu. Tulisimama wawili tukiangalia maji.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali popote tangu nitoke kwa mama. Halafu mkataba ukaisha, kituo kikakabidhiwa kwa kiwanda, na mgongo wangu wa pikipiki ukakataa kazi ya vituo kabisa. Nina miaka arobaini na kitu, natembea kama mstaafu. Ningeweza kukaa Newala nikalima korosho. Walinionyesha hata shamba. Lakini mnanijua sasa. Nikaanza kuota ziwa.

Niliondoka Jumatatu kwa makusudi. Begi langu lilikuwa mlangoni, bodaboda wa kunishusha Masasi anapiga honi. Nikasimama nyuma ya Mama Somoe. Akasuuza, akatumbukiza, akasubiri namba itulie, akabonyeza. Akafanya hivyo hivyo kwenye nne. Akakirudisha kihisi mferejini kama anamlaza mtoto. Akatoka na vikombe nje.

Safari hii hakufumba macho. Alivimwaga vyote viwili, kimoja baada ya kingine, akitazama maji yanavyozama mchangani, kisha akanigeukia.

"Umeona, Baba Kipimo?"

"Nimeona, Mama Kipimo."

Alicheka mpaka akajifuta kwa ncha ya kanga. Halafu akanipa chupa ya maji ya kisima chake kwa ajili ya njia, akaifunga mwenyewe kizibo, akakikaza. "Nenda. Mtoto tutamtunza."

Masasi nilifika vumbi tupu. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Nilikunywa mafunda machache pale stendi, yakabaki kidogo chini, ya kufunika kitako cha chupa tu. Konda akanipokea begi.

"Braza, tupa hiyo chupa, humu ndani tunagawa maji ya baridi."

"Ina maji," nikasema.

Akaiinua akaitazama kwenye mwanga. "Haya? Haya ni maji kweli?"

Nikamnyang'anya. Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani, nikaifunika na koti, nikaipakata.